KAZI INAYOBAKI BAADA YA KURA
Habari fupi za mabaraza yetu tangu mwaka wa 1921 hata leo



Kamati iliniagiza niongeze katika taarifa ya mwaka huu makala moja ya habari za kale, kama ilivyo desturi yetu, ili vijana wapate kujua walikotoka, na wazee wapate kutusahihisha tulipokosea. Nilipotafakari ni habari gani yafaa kuandikwa, niliona si lazima niende mbali kutafuta, kwa kuwa lipo jambo lililotupata sisi wenyewe, ambalo wazee walioishi miaka mia moja iliyopita wangalilistaajabia sana. Nitaanza na jambo hilo, kisha nirudi nyuma.

Wote mwakijua kile kivuko cha mtoni ambacho watoto wetu hupita waendapo shule. Masika yakifika mto hufurika, na watoto hukaa nyumbani siku tatu, pengine juma zima. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2022 kila mgombea aliyesimama mbele yetu alitaja daraja. Tulijitokeza, tukapanga foleni toka alfajiri, tukatiwa wino kidoleni, tukarudi nyumbani tumeridhika. Na kweli, baadaye daraja liliandikwa katika mpango wa mwaka wa kaunti. Kisha ikaja barua ya kuwaalika watu wa wadi kwenye mkutano wa kusikiliza maoni juu ya makadirio ya fedha. Barua hiyo ilinifikia mimi, karani wenu. Niliisoma, nikaigonga muhuri wa tarehe, nikaitia katika faili ili isomwe kwenye mkutano wa kamati. Mkutano wa kamati ulikuwa siku tisa baada ya mkutano wa fedha kwisha kufanyika.

Upande wetu walihudhuria watu wawili tu, waliosikia habari njiani. Wenzetu wa upande wa pili wa wadi walikwenda na wazee wao, na akina mama wa sokoni, na karatasi moja iliyotiwa sahihi nyingi. Makadirio yalipotoka, paa la soko lao lilikuwamo. Daraja letu halikuwamo. Wenzetu hawakutunyang'anya kitu. Walikuja, wakasema, wakaandika. Sisi tulikuwa tumekwisha piga kura, tukadhani kazi imekwisha.

Siandiki haya ili kumlaumu mtu yeyote ila mimi mwenyewe. Naandika kwa sababu wazee wetu wa zamani hawakuwa na kura hata moja, na walakini walipata mambo ambayo sisi wenye kura tumeshindwa kuyapata. Yafaa tujue walifanyaje.

Nchi Imesema

Mwaka wa 1920 nchi hii iligeuzwa kuwa koloni. Mambo mengi mazito yalikuja pamoja. Kipande kilikuwa kimeanza kutolewa baada ya vita vya kwanza vya dunia, na kila mwanamume aliyetimiza miaka 16 alipaswa kukichukua. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilipandishwa hata ikafika shilingi 16. Machifu waliamriwa kuwahimiza vijana waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na tofauti ya kuhimiza na kulazimisha ilikuwa ndogo sana. Waafrika hawakuwa na mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Mjumbe wa kwanza Mwafrika, Bwana Eliud Mathu, aliingia katika Baraza hilo mwaka wa 1944, tena kwa kuteuliwa na Gavana, si kwa kura.

Mjini Nairobi vijana waliungana mwaka wa 1921 chini ya Bwana Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika ofisi ya Serikali. Alikamatwa mwezi wa Machi, 1922, na watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai afunguliwe wakapigwa risasi. Kwa hesabu ya Serikali yenyewe walikufa watu 21, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke yule shujaa, Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa kutaka kurudi nyumbani mikono mitupu.

Katika Nyanza, iliyoitwa Kavirondo wakati ule, mambo yalichukua njia nyingine. Tarehe 23 Desemba, 1921, maelfu ya watu walikusanyika mahali paitwapo Lundha, katika Gem. Walioongoza mkutano ule walikuwa walimu waliosomeshwa na misheni ya Maseno: Jonathan Okwiri alikuwa mwenyekiti, Benjamin Owuor mwandishi, na Simeon Nyende mweka hazina. Chama chao kiliitwa Chama cha Vijana wa Kavirondo, lakini watu wa kawaida walikiita Piny Owacho, maana yake, Nchi Imesema.

Angalieni, wazee wangu, jinsi walivyofanya. Hawakupiga kelele wakatawanyika. Waliyaandika madai yao moja moja: kodi ipunguzwe, kambi za kazi za lazima zifungwe, kipande kiondolewe, nchi iache kuitwa koloni, ardhi yao ilindwe, tena wapewe shule ya Serikali. Kisha walimtaka Gavana mwenyewe aje awajibu. Waliambiwa wamwone D.C.; wakamwona D.C. Waliambiwa wamwone P.C.; wakamwona P.C., wala hawakuacha kumtaka Gavana. Mwezi wa Julai, 1922, Gavana Sir Edward Northey alikuja Nyahera, karibu na Kisumu, akasimama mbele ya watu akawajibu.

Hawakupata yote. Nchi ilibaki koloni, na kipande kikaendelea miaka mingi. Lakini kodi iliteremshwa toka shilingi 16 hadi 12, na kambi za kazi zikafungwa. Kwa mtu aliyelipia nyumba mbili au tatu kwa mwaka, shilingi nne kwa kila nyumba zilikuwa si neno dogo. Nao walizipata watu ambao sanduku la kura hawakuwa wameliona hata kwa macho.

Chama cha Walipa Kodi

Mwaka wa 1923 Arkidikoni W. E. Owen, wa misheni ya C.M.S., alikubali kuwa rais wa chama hicho, nacho kikapewa jina jipya: Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Wako waliosema wakati ule, na wako wanaosema hata leo, kwamba Owen aliwapoza vijana, akawageuza kutoka katika siasa na kuwapeleka katika mambo ya usafi. Na kweli, wanachama waliweka ahadi za kuua panya, kuchimba vyoo, kupanda miti na kulala katika nyumba zisizo na mifugo ndani. Mtu aweza kucheka akisikia kwamba siasa iligeuzwa kuwa kazi ya kuua panya.

Lakini mimi naona pande mbili katika jambo hili. Ni kweli kwamba makali ya Lundha yalipungua. Walakini jina lile, walipa kodi, lilikuwa na hoja ndani yake. Mlipa kodi si mwombaji. Anayo haki ya kuuliza, fedha yangu imekwenda wapi? Vijana wale walijifunza kuandika barua ya hoja, kutaja tarehe, kutunza nakala, na kungoja jibu. Jibu lisipokuja, huandika tena. Walilalamikia kazi ya barabara isiyolipwa, kipande na hofu ya kupoteza ardhi, na malalamiko yao yakafika hata Uingereza. Chama kilichochimba vyoo mchana na kuandika barua usiku hakikuwa chama kilicholala. Nasi tunaojiita chama cha ustawi, tusisahau kwamba jina hilo lina asili yake, na kwamba ustawi na siasa ya mahali havikutenganishwa na waliolitumia kabla yetu.

Mabaraza ya Wenyeji

Mwaka wa 1924 Serikali ilirekebisha sheria, na tangu mwaka wa 1925 yakaanza kukutana Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. D.C. ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Baadhi ya wajumbe waliteuliwa, wengine walipendekezwa na watu wenyewe. Baraza liliweza kutoza ushuru wa mahali kwa ajili ya kazi za mahali, lakini hapana azimio lililopita bila kibali cha wakubwa. Hapana shaka Serikali ilitumaini kwamba vijana wangetumia ulimi wao humo ndani badala ya kuutumia chini ya miti, kama ilivyokuwa Lundha.

Wazee wetu wangaliweza kuyadharau mabaraza hayo, nao wangalikuwa na sababu. Badala yake waliyatumia. Waliingia ndani yake, na wale wasiokuwa wajumbe waliwafuata wajumbe mpaka nyumbani kwao. Jambo walilolitaka kuliko yote lilikuwa shule. Misheni zilikuwa na shule zao, lakini watu walitaka shule kubwa zaidi zilizo mali yao. Basi walikubali kujitoza ushuru juu ya kodi waliyokuwa wakiilipa tayari. Fedha zikawekwa, miaka ikapita, wakubwa wakasita, na watu wakaendelea kuuliza katika kila mkutano, fedha zetu ziko wapi na shule iko wapi? Shule ya Serikali ya Kakamega ilifunguliwa mwaka wa 1932, na ile ya Kagumo, katika wilaya ya Nyeri, mwaka wa 1933. Ushuru wa mabaraza ulitoa msaada mkubwa katika kazi hiyo. Wengi waliokuja kuongoza nchi hii walisoma katika madarasa yaliyolipiwa na watu wasiojua kusoma.

Fikirini uvumilivu wa watu wale. Mzee aliyetoa shilingi zake katika miaka ya ishirini hakuliona darasa mpaka miaka ya thelathini. Kama angalitoa fedha na kwenda zake, kama sisi tutoavyo kura na kwenda zetu, huenda fedha ile ingalifanya kazi nyingine kabisa.

Lakini haifai nieleze mema peke yake. Mwaka wa 1930 ilitungwa sheria ya kuweka ardhi ya wenyeji katika amana. Ilisema kwamba ardhi ya hifadhi ni ya wenyeji milele, na kwamba ikitakiwa kuchukuliwa kwa kazi ya umma, sharti Baraza la Wenyeji liulizwe kwanza, na ardhi nyingine itolewe badala yake. Ilikuwa ahadi nzuri. Mwaka uliofuata dhahabu ikavumbuliwa katika Kakamega. Mwezi wa Desemba, 1932, sheria ilibadilishwa kwa haraka, hata ardhi ikaweza kuchukuliwa kwa fidia ya fedha, bila kutoa ardhi nyingine na bila kungoja kuliuliza Baraza. Milele ya sheria ile ilidumu miaka miwili na kitu.

Hapo yako mafundisho ambayo kila mwanachama yampasa ayaweke moyoni. Haki ya kuulizwa huondolewa siku ile ile inapohitajiwa zaidi. Wakati hakuna dhahabu, kila mtu yu tayari kukuuliza maoni yako. Kwa hiyo haki ya kuulizwa hailindwi na karatasi peke yake. Hulindwa na watu waliozoea kuitumia, ambao ikiguswa tu huamka. Watu wa Kakamega waliamka, wakaunda chama, wakaandika malalamiko, hata jambo lile likazungumzwa katika Bunge la Uingereza. Hawakuirudisha sheria, lakini waliufanya unyamavu wa wakubwa kuwa mgumu.

Ng'ombe wa Ukambani

Habari nyingine ni ya mwaka wa 1938. Serikali iliona kwamba ardhi ya Machakos inaharibika kwa kukanyagwa na ng'ombe wengi, ikaamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Wakati huo huo kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River. Ng'ombe walichukuliwa wakauzwa kwa bei ambayo wenyewe hawakuikubali. Kwamba udongo ulikuwa ukiharibika ilikuwa kweli. Lakini wenye udongo na wenye ng'ombe hawakushauriwa.

Chini ya uongozi wa Bwana Muindi Mbingu, mwezi wa Julai watu kama elfu mbili au zaidi, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kwa miguu kutoka Machakos mpaka Nairobi wakaomba kuonana na Gavana. Walipoambiwa warudi, walikaa. Walikaa majuma yapata sita, wakipika na kulala pale pale, bila fujo. Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, mwishowe alikwenda Machakos kuzungumza na watu. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu kizuizini. Lakini kabla ya mwaka kwisha, uuzaji wa lazima ulikwisha achwa.

Nimeitaja habari hii si kwa sababu natutaka tutembee mpaka Nairobi. Naitaja kwa sababu ya yale majuma sita. Kusimama siku moja ni jambo rahisi. Kungoja mpaka usikilizwe ndiko kulikowashinda wengi.

Kura Zilipokuja

Mwezi wa Machi, 1957, Waafrika wa nchi hii waliwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Si wote waliopiga kura. Sifa zilihesabiwa kwa elimu, mapato, mali, umri na utumishi, na mtu mmoja aliweza kupewa hata kura tatu, huku jirani yake hana hata moja. Wajumbe wanane walichaguliwa, miongoni mwao Bwana Tom Mboya wa Nairobi, Bwana Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Bwana Ronald Ngala wa Pwani na Bwana Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini. Miaka sita baadaye kila mtu mzima alikuwa na kura yake moja, na nchi ikawa huru. Furaha ile wazee wetu waliohai waikumbuka kuliko niwezavyo kuieleza.

Mabaraza ya Wenyeji yalikuwa yamegeuzwa kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika kwa sheria ya mwaka wa 1950, na mwaka wa 1963 yakaja mabaraza ya kaunti, yenye kazi ya shule za msingi, afya na barabara. Yaani mambo yamgusayo mtu nyumbani kwake yalikuwa mikononi mwa madiwani aliowajua kwa majina. Lakini madeni yalizidi, ushuru haukukusanywa vema, na mwaka wa 1969 Bunge likapitisha sheria ya kuzihamisha kazi hizo. Tangu tarehe 1 Januari, 1970, shule za msingi, afya na barabara za mabaraza ya kaunti zilichukuliwa na Serikali Kuu, pamoja na kodi iliyokuwa ikiyalisha mabaraza hayo.

Madiwani walibaki, viti vilibaki, na uchaguzi uliendelea. Kilichoondoka ni kazi. Na nionavyo mimi, kazi ilipoondoka, desturi pia iliondoka. Kwa nini mtu aache shamba lake aende kusikiliza baraza lisiloweza kujenga hata darasa moja? Watu walijifunza njia nyingine: kumngoja mkubwa aje na mfuko, kumshangilia, na kumwombea apewe zaidi. Karibu miaka arobaini na mitatu ilipita hivyo. Kizazi kizima kilikua kikijua siasa kuwa ni siku ya kura na siku ya mchango wa harambee, na katikati hapana kitu.

Yalikuwapo majaribio ya kurudisha desturi ile. Tangu mwaka wa 2001 mabaraza yaliagizwa kuwauliza watu wa kila wadi ni miradi gani waitakayo kabla ya kutumia fedha zitokazo Serikali Kuu. Mahali pengine watu walikuja. Mahali pengi mkutano ulikuwa wa diwani na marafiki zake.

Kisha Katiba ikatangazwa tarehe 27 Agosti, 2010, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi, 2013, kaunti 47 zikaanza kazi. Zahanati zilirudi, barabara za mashambani zilirudi, masoko na maji yakawa mikononi mwa watu wa karibu. Kazi ilirudi barazani. Sisi wananchi ndio hatujarudi.

Haki Zilizoandikwa

Wazee wa Lundha walidai kusikilizwa kama fadhili. Sisi tumeandikiwa kama haki. Kifungu cha 196 cha Katiba chaliagiza bunge la kaunti lifanye shughuli zake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 37 chatupa haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka wa 2016 yamtaka afisa aliyeombwa habari atoe uamuzi wake kwa muda usiozidi siku 21.

Kwamba maneno haya si pambo, yalidhihirika Kiambu. Kaunti hiyo ilitunga sheria ya fedha ya mwaka wa 2013, yenye kuweka kodi na ada, na baadhi ya wakazi wakaenda Mahakama Kuu wakisema kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Aprili, 2014, Jaji Odunga aliifuta sheria nzima. Alieleza kwamba kuwashirikisha watu si kutimiza desturi tu. Sharti bunge la kaunti litumie njia nyingi za kuwafikia, kama vile makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za watu. Kilichoiangusha sheria ile hakikuwa wingi wa kura. Ni wakazi waliofuatilia neno baada ya uchaguzi kupita.

Tena, mwaka wa fedha una kalenda yake, kama shamba lilivyo na majira. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha, inayogawa mafungu kwa kila idara, hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na sharti yapitishwe kabla ya Juni kwisha, kwani mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayekuja mwezi wa Juni kuomba daraja ni sawa na anayekwenda shambani na mbegu wakati wenzake wanapalilia.

Sheria ya fedha ya mwaka wa 2012 yaagiza pia kuwe na jukwaa la bajeti na uchumi katika kila kaunti, ambamo huketi, pamoja na wakubwa wa kaunti, wajumbe wa wafanya biashara, wafanya kazi, wanawake, watu wenye ulemavu, watu wa dini, na wazee. Narudia: na wazee. Kiti cha wazee kimeandikwa katika sheria. Je, chama chetu kimewahi kuuliza ni nani akikaliaye kwa ajili yetu? Mimi, niliyekuwa na wajibu wa kuuliza, sikuuliza.

Yatupasayo

Najua majibu yatakayotolewa. Wengine watasema kwamba mikutano hiyo ni ya bure, mambo yamekwisha amuliwa ofisini. Mara nyingine ni kweli. Lakini vivyo hivyo D.C. alikuwa amekwisha amua mwaka wa 1922, na P.C. naye, na Gavana naye. Hata hivyo shilingi 16 zikawa 12. Wengine watasema kwamba tumempa kazi hiyo mwakilishi wa wadi, naye alipwa mshahara kwa kazi hiyo. Hilo pia ni kweli. Walakini mwenye shamba amwekaye mtu wa kulilima bado huenda kulitazama, na mfanya kazi mwema hufurahi akimwona mwenye shamba, kwani apata shahidi wa kazi yake.

Kwa hiyo naomba mkutano mkuu ukubali mambo manne. Kwanza, barua yoyote itokayo kaunti au wadini isomwe kwa mwenyekiti siku ile ile ifikapo, wala isingoje mkutano wa kamati. Na karani akishindwa kufanya hivyo aulizwe. Pili, wachaguliwe wanachama watatu, mzee mmoja, mama mmoja na kijana mmoja, wa kuhudhuria kila mkutano wa fedha na kuleta taarifa ya maandishi. Tatu, ombi la daraja liandikwe sasa, litiwe sahihi na wazazi wote wa shule, na lipelekwe bungeni kabla ya mpango wa mwaka kuandikwa, na nakala yake itunzwe hapa chamani. Nne, tuwatembelee wenzetu wa upande wa pili, tuwapongeze kwa paa la soko lao, tuwaombe watie sahihi zao chini ya zetu, kwa kuwa watoto wao pia huvuka mto ule wakija kwenye kliniki yetu.

Barua ile niliyoitia katika faili ingali humo, na muhuri wake wa tarehe. Sikuitoa. Kila nifunguapo faili naiona, na nadhani yafaa ibaki pale mpaka daraja lijengwe. Siku hiyo nitaitoa kwa ruhusa ya kamati, niiweke pamoja na kumbukumbu za chama, ili karani ajaye baada yangu aisome na ajue kwamba chama chaweza kupiga kura vizuri sana na bado kikose daraja kwa sababu ya siku tisa.

Wenu katika utumishi,
Karani wa Chama